Sikushuka Jukwaani

Shangazi Mwanahawa, shikamoo.

Brussels kuna baridi, lakini jana damu ilinichemka. Nilikuwa nawaeleza wataalamu wa Ulaya wanaotoa ushahidi mahakamani, kwenye mkutano wao wa mwaka, jinsi mabwawa ya kufugia kamba yatakavyoua mikoko yetu. Bwana mmoja akanikatiza: "Wewe mzaliwa wa huko. Utaachaje kupendelea?" Mwenyekiti akaniomba nishuke. Nikasimama palepale. "Nanyi mnatoa ushahidi kuhusu miji mliyozaliwa," nikamwambia. "Nani huwashusha?" Nikaendelea, nikasema yote hadi mwisho.

Nina hamu na samaki wako wa nazi; huku wanachemsha tu. Mungu akutunze, shangazi yangu. Waambie majirani wasihame kupisha mabwawa hayo. Nikirudi, jaji wa kesi yetu ya mikoko atasikia hayo hayo, sipunguzi neno.

Mwanao, Zuhura