Spika za Baba

Kwako Kaka mpendwa,

Pokea salamu zetu tele. Wifi hajambo? Na mtoto wenu mdogo, kikohozi kimemwacha? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua, ila ulimi wake haujaugua hata siku moja.

Kuhusu zawadi ya Baba ya kustaafu: ulisema nimpeleke mwenyewe akachague seti ya sinema ya nyumbani, maana fundi redio kama yeye hachaguliwi spika. Nilimpeleka Jumamosi. Alivaa lile koti la harusi yako, akanitangulia mlangoni kama anayechelewa kuposa.

Muuzaji alitukalisha kwenye kochi ndani ya chumba kisicho na dirisha, spika zimetuzunguka mbele, nyuma, hata darini. Alieleza kuwa seti ya kwanza sauti yake ni safi, unasikia hadi mtu akimeza mate, na ya pili ina besi ya kutikisa ukuta. Akafungulia ya kwanza, mvua ikanyesha. Kaka, nilijishika kichwa nikidhani nimelowa! Baba aliketi tuli, mikono magotini, akasema si mbaya. Kwenye ya pili treni ilipita nyuma ya shingo zetu, mimi nikainama, yeye hakupepesa jicho. Muuzaji akaninong'oneza kwamba mzee huyu ni mjuzi, habahatishi. Nikavimba kwa fahari.

Kisha muuzaji akazima kila kitu abadilishe waya. Chumba kikawa kimya kabisa. Baba akaanza kutikisa kichwa polepole kama anayefuata muziki, macho amefumba, akasema kwa sauti kubwa, "Naam! Hii sasa ndiyo yenyewe."

Muuzaji alicheka, akidhani ni utani. Mimi nilishindwa kucheka. Baba alifumbua macho, akatazama uso wangu, akajua kuwa nimejua.

Nje alinishika mkono akanisihi nisikwambie, kwa kuwa umejinyima kwa ajili yake, nami nikamwahidi. Nilimpeleka kwa daktari wa masikio. Anasema neva zimekufa, na hata kile kifaa cha kuvaa sikioni hakitamfikisha mbali. Nilipomweleza Mama, aliendelea kukunja nguo. Kumbe alijua siku nyingi. Ndiye aliyekuwa akiwajibu wageni kila walipomuuliza Baba jambo.

Sasa, Kaka, lililonifanya nivunje ahadi ni hili. Uliniuliza umemkosea nini Baba, hata ukimpigia simu anasema tu "ndiyo, ndiyo, Mungu akubariki," kisha anakata. Ulipomwambia mtoto wako amelazwa, alikujibu hivyohivyo, ukalia. Hujamkosea kitu. Hakuwa akikusikia.

Seti nimeichukua, ile ya besi. Ameitaka mwenyewe, anasema hiyo angalau inamfikia kifuani. Anaketi mbele yake akiwa ameegemeza kiganja kwenye spika kubwa, vikombe vinacheza kabatini, jirani anagonga ukuta. Mama ananitazama mimi, mimi namtazama Mama. Sijui nipunguze sauti au niongeze.

Usipige simu tena, nakuomba. Njoo, ukae mbele yake aone midomo yako.

Nisalimie Wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mama anakukumbusha ule vizuri. Baba hajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba wa nyumbani