Bima ya Mtu Asiye na Mwajiri

Baba,

Salamu zako nimekupa leo Jumamosi asubuhi nikiwa nje ya ukuta wa makaburi, pale tunapoishia sisi wanawake. Nilisimama muda mrefu, nikasema yote ninayotakiwa kusema, kisha nikaona bado nina mengine ambayo hayasemeki kwa sauti barabarani, watu wakipita na mikokoteni ya maji. Ndiyo maana nimerudi nyumbani kuandika. Ulikuwa ukinitania kwamba mimi hata nikiwa na njaa nitaandika barua badala ya kuomba chakula. Hujakosea.

Nyumba yako ya kupanga, ya mtaa wa Dallas, bado ninayo. Naifungua Ijumaa jioni nikitoka Kanyakine kufundisha, naifunga Jumapili. Mwenye nyumba amepaka lango rangi ya kijani, rangi mbaya kweli. Bucha yako imechukuliwa na mtu wa Ruiri ambaye anakata nyama kwa haraka kama anayefukuzwa. Wateja wako wanalalamika kwamba mifupa ni mingi, lakini bado wananunua. Paka wa bucha alihama mwenyewe. Nimeambiwa yuko kwa fundi cherehani, na hanijui tena.

Lakini nimekaa kuandika kwa sababu ya deni.

Unakumbuka, au labda hukusikia, siku ile msikitini kabla ya kukuswalia, Baba Mdogo Idi alisimama mbele ya watu akasema ile kauli ambayo wewe mwenyewe uliwasemea wengi: kama kuna mtu anamdai ndugu yangu, asiache haki yake, aje kwangu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na akina mama. Nikasubiri. Hakuna aliyesema kitu. Nikalia kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa sababu nilidhani unaondoka mwepesi.

Jioni akaja mzee Njeru kutoka Ishiara, yule wa ng'ombe. Alikuwa ameshika kofia yake kifuani, hataki kuketi. Akasema, "Mimi si wa msikiti, kwa hivyo sikuingia, lakini ile tangazo nilisikia nikiwa nje. Huyu mzee alichukua fahali yangu moja na hakumaliza kunilipa. Sijakuja kudai. Nimekuja kusema, ndiyo isemwe." Baba Mdogo akaingiza mkono mfukoni. Njeru akamkataza. "Wewe Idi, toa hiyo mkono. Tulibishana na ndugu yako bei mpaka jua inashuka, miaka yote. Hiyo nimemwachia. Mwambieni fahali ilikuwa yake." Tukapokea. Baba Mdogo akamshika mkono muda mrefu, na mimi nikampa chai, akainywa akiwa amesimama.

Benki haikuwa msikitini. Benki ilikuja kwa simu yako. Nilikuwa naiacha ikiwa na chaji, sijui kwa nini, labda nilitaka iwe hai. Ujumbe uliingia: mteja mpendwa, malipo yako ya mwezi huu yamechelewa. Nikaketi kitandani kwako nikiwa nimeishika kwa mikono miwili.

Sikuogopa sana, Baba. Nilijua mkopo wa friza na mashine ya kukata mifupa. Na nilijua una bima. Si ulirudi siku ile umefurahi, ukaniambia kwenye simu kwamba benki ya siku hizi ina akili, mtu akiugua bima inamlipia mkopo? Na ulipoanza kuugua figo, kila nilipokuomba ufunge bucha upumzike, ulinijibu, "Bima inashughulikia, Mwalimu. Wewe shughulikia watoto wa watu." Nikaamini. Nikawa narudi Kanyakine nikifikiri unafungua bucha kwa sababu ya ubishi tu.

Nikaenda benki na cheti cha kifo na kadi za hospitali. Dada aliyenihudumia alikuwa mpole. Akatazama kompyuta yake, akauliza:

"Mwajiri wa marehemu alikuwa nani?"

Nikamwambia hukuwa na mwajiri, ulikuwa na bucha.

"Sawa. Basi utaleta barua ya mwajiri inayosema hivyo."

Nikamwangalia. Nikamwambia tena, polepole, kama ninavyomwambia mwanafunzi, kwamba mtu mwenye bucha yake haajiriwi na mtu. Akafikiri. Akaenda kumuuliza mwenzake. Akarudi, na safari hii hakuketi. Akaniambia kwamba bima ile ni ya watu wa mshahara. Inamlipia mtu aliyeachishwa kazi, au mtu ambaye mwajiri wake ameandika kwamba ni mgonjwa hawezi kufika kazini. Bila slipu ya mshahara hailipi chochote.

Nikamuuliza, mbona mlimkata kila mwezi?

"Hiyo iko kwa kila mkopo, madam. Bila bima mkopo hautoki."

Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. Akasema, "Huyu mzee namkumbuka. Wa kofia nyeupe, anatembea akishika ukuta. Alikuja kuuliza mambo ya bima, nikamwambia alete barua ya mwajiri. Akacheka. Akasema sawa, asante mama. Akaenda."

Ulikwenda, Baba. Ulikuwa mgonjwa, ukapanda zile ngazi, ukaambiwa ulete barua ya mwajiri, wewe ambaye tangu ujana hujawahi kumwambia mtu "bosi" isipokuwa kwa mzaha. Ukasema asante. Ukarudi ukafungua bucha kesho yake, na ukaendelea kuniambia bima inashughulikia.

Sijui nilitokaje mle ndani. Nakumbuka nilikaa kwenye ukingo wa barabara kama mtu aliyelewa, na mama mmoja wa ndizi akaniuliza kama nataka maji.

Nilipomweleza Baba Mdogo alianza kucheka, kile kicheko chake cha kuomboleza. "Niandike mimi hiyo barua? Niseme nilikuwa namwajiri? Alikuwa ananichapa kofi mpaka nimeoa, nani ataamini mimi nilikuwa mkubwa wake!" Akapangusa macho. Kisha akasema maneno niliyoyatarajia: roho ya mtu mwenye deni haitulii, mama, tutafute njia tulipe.

Lakini mimi sikutaka kulipa. Nilitaka waseme. Nikaandika malalamiko, nikapeleka. Nikaandika tena. Nikajifunza lugha yao, nikajua kuuliza swali moja kwa namna nyingi: mlimuuziaje mtu asiye na mshahara bima ya mshahara? Vipindi vya mapumziko wenzangu walipokuwa wakinywa chai na kucheka kwa Kimeru, mimi nilikuwa pembeni nikijibu benki. Walizoea. Mmoja alinitania, "Wewe utaolewa na hiyo benki." Nikacheka pia, lakini ilikuwa kweli kwamba hakuna mtu mwingine niliyekuwa nikizungumza naye kwa urefu hivyo.

Mwisho meneja akaniita. Akaniagizia soda. Akasema benki inasikitika kwa msiba wetu, na kwa sababu ya huruma imeamua kuufuta mkopo wote uliobaki. Nilitakiwa tu kutia sahihi kwamba familia haina malalamiko yoyote na kwamba bima iliuzwa ipasavyo.

Nilimwachia soda yake mezani. Nikamwambia nitafikiri.

Usiku ule nilimweleza Baba Mdogo. Asubuhi alikuja na mkate na hasira. "Msamaha wa Njeru uliupokea, wa benki unaukataa. Kwa nini? Njeru ni maskini na benki ni tajiri, ndiyo umesoma hivyo?"

Nikamjibu kwamba Njeru alisamehe kitu chake. Benki inataka kutusamehe kitu ilichotuchukulia, na juu yake inataka tuseme haikuchukua.

Akanitazama sana. Unajua jinsi anavyofanana na wewe akinyamaza. Akasema, "Hayo ni ya kwako, binti yangu. Ni hasira, na una haki nayo. Lakini ndugu yangu yuko chini ya udongo na deni liko shingoni mwake. Unamshikilia pale kwa sababu wewe unataka kushinda?"

Baba, nilimchukia. Nilifunga mlango. Sikula siku ile. Nilijiambia hajui kitu, nilijiambia mtu aliyeacha shule darasa la saba atanifundisha nini. Na ndani yangu nilijua amegusa mahali penyewe. Kwa sababu sikuwa nakufikiria wewe ukiwa chini. Nilikuwa nakufikiria ukiwa kwenye zile ngazi ukisema asante mama, na nilitaka mtu mmoja katika jengo lile ashuke ngazi zile na aibu yake.

Ilinichukua muda kuona kwamba mambo ni mawili na nilikuwa nimeyafunga kwa kamba moja. Deni lilikuwa lako. Ugomvi ulikuwa wangu.

Basi nikauza friza na mashine kwa yule mtu wa Ruiri. Tuliumizana bei, ungefurahi. Nikaongeza akiba yangu ya masomo, ile ya shahada ya pili, na usinikemee, nimeitoa kwa moyo na sitaidai kwa mtu. Nikaingia benki nikalipa mkopo wako wote hadi mwisho. Sikutia sahihi karatasi ya huruma. Yule dada mpole aligonga muhuri, akasema, "Sasa mzee hana kitu na sisi." Nikamwomba aseme tena. Akasema tena, bila kuniuliza kwa nini.

Nilikwenda moja kwa moja makaburini, nikasimama nje ya ukuta, nikakuambia. Hiyo nadhani uliisikia.

Kisha nikarudi kugombana, polepole sasa, bila kukosa usingizi. Nikawaandikia wasimamizi wa bima Nairobi. Wao nao wakaiuliza benki lile lile swali langu, na wao wanaogopwa kuliko mwalimu wa Kanyakine. Nilisubiri hadi nikasahau kusubiri. Mwezi uliopita majibu yakaja: bima ile haikukufaa tangu siku uliyouziwa, wanaomba radhi, na makato yote wanayarudisha pamoja na riba. Nilisoma nikiwa nje ya darasa, watoto ndani wanapiga kelele. Niliwaacha wapige.

Riba si halali kwetu, sikuileta nyumbani kwako. Nimetengenezea mtaro wa maji machafu nyuma ya machinjio, mahali ambapo kila mvua watu walikuwa wakiruka kama mbuzi. Yaliyobaki ni mirathi, na mirathi ina wenyewe. Mama alitangulia, mtoto wako ni mimi peke yangu, kwa hiyo nusu ni yangu na nusu ni ya ndugu yako. Ndiyo, Baba. Nusu ni ya yule aliyeniambia niache.

Nikampelekea. Alikuwa anatengeneza kiti barazani. Alipojua ni nini, alirudisha mikono nyuma kama mtoto anayekataa sindano. "Mimi si ndiye nilikuambia utie sahihi? Nitakulaje kitu nilichokitupa?" Nikamwambia ni haki yake, haikugawiwa na mimi, na asiniletee ubishi wa kwenu. Akapokea. Akalia, Baba, palepale, nyundo mkononi. Kisha akasema, "Alisema asante kweli? Pale benki?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Huyo ndiye yeye."

Nilidhani nitafurahi kwa muda mrefu. Nilifurahi siku moja. Siku ya pili niliamka nikatafuta la kufanya, nikakuta hakuna. Nimegundua kwamba muda wote ule jina lako lilikuwa likitamkwa. Kila ofisi niliyoingia mtu aliuliza, marehemu ni nani, na mimi nikasema jina lako lote, la babu pia, herufi kwa herufi. Watu wasiokujua waliliandika. Waliniuliza ulifanya kazi gani, uliugua lini, ulikuwa mtu wa namna gani. Sasa faili limefungwa, na hakuna anayeniuliza tena. Nilishinda, halafu ndipo ulipokufa.

Hapa nyumbani ni kimya sana. Hata friza ile iliyokuwa ikinguruma bucha nzima, ambayo ulisema inakoroma kuliko wewe, nimesikia mtu wa Ruiri ameiuza.

Baba Mdogo amekuwa akiniita nile kwao kila Jumamosi. Kila mara nilimwambia nina majibu ya benki ya kuandika. Sina tena. Anaongea mno, unamjua, na atanisimulia hadithi zako ambazo nusu yake ni uongo. Leo mchana nakwenda. Nitaketi pale nile nikimsikiliza, na akikosea nitamsahihisha, na tutabishana juu yako mpaka mke wake atufukuze mezani. Hilo nakuahidi, Jumamosi hii na zinazofuata.

Huna deni, Baba. Lala.

Binti yako,
Zainabu