Ng'ombe Wako wa Kitovu Bado Yuko Kulamawe

Guyo, mdogo wangu,

Salaam aleikum kutoka Kulamawe, ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni hadi ukaanza kuona haya.

Picha tumezipata. Nilimwonyesha mama: wewe ndani ya koti kubwa, na ng'ombe watano weusi kwenye shamba ulilokodi huko Kanada. Hongera. Mimi nilicheka, maana ni ng'ombe gani hao wasio na pembe? Mama hakucheka. Aliuliza, "Nani anawakamua?" Ulipopiga simu ukamwambia hawakamuliwi, ni wa nyama tu, alisema, "Haya, Mungu akubariki," akanirudishia simu. Unajua alichofikiria. Mtu hujenga zizi pale anapotaka kuzeekea.

Nakukumbuka ukiwa na miaka saba, siku wanunuzi walipoleta lori kutoka Isiolo. Ulimficha ndama wa yule ng'ombe Diima chini ya kitanda cha mama, ukamfunika blanketi. Baba, Mungu amrehemu, aliponiuliza, niliapa kwamba fisi amemchukua. Ndama akalia mle ndani! Baba alicheka hadi akakaa chini. "Wee mjinga," alikwambia, "huyo nani atamuuza? Si ni wako?" Diima ulipewa siku kitovu chako kilipokatwa, na kila aliyetoka tumboni mwake ni mali yako.

Kiangazi kile kibaya kilipomaliza wengine, uzao wa Diima ulibaki na mtamba mmoja. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Kila asubuhi mimi na mama tulimwinua kwa magogo, tukamlisha maboksi ya karatasi yaliyolowekwa majini, na uji tuliojinyima wenyewe. Nilikuwa namwambia, simama, mwenyewe atarudi. Sikuwa namdanganya. Niliamini.

Sasa nimejifungua mtoto wa kiume, nawe umenitumia ujumbe: "Dada, mpe mpwa wangu yule mtamba. Mimi huku nina wangu." Maneno machache, lakini yamenikata maini. Nimelia, sitaficha. Nimekukosa, Guyo. Nimekosa hata kelele zako, na vile ulivyokuwa ukikwangua sufuria kabla wengine hawajafika. Sikukatazi kufuga huko, riziki ya mtu iko popote. Ila usiniambie wale watano wamekutosha ukatusahau.

Jana wazee walikuja kumpa mtoto jina. Walipouliza ng'ombe wa mjomba ni yupi, nilisema hayupo. Mjomba akitaka kumpa mpwa wake ng'ombe, huja akamshika kamba, akauweka mkono wa mtoto mgongoni mwa ng'ombe, akasema kwa kinywa chake. Ng'ombe hatumwi kwa simu.

Wazee wamenuna. Mume wangu pia, kwa sababu ng'ombe wake wote walikufa kiangazini na hana wa kumpa mwanawe. Waache wanune. Mpaka uje mwenyewe, mwanangu atakuwa mtoto pekee Kulamawe asiye na ng'ombe.

Ni mimi, dada yako, mkaidi vilevile.