Rili Mpya, Mwanzi wa Mzee na Uzi wa Mama Mkwe

Jumapili, Julai 2008. Baridi ya kutosha.

Jua halikuonekana Machakos leo. Ukungu umelala juu ya vilima vya Iveti tangu asubuhi, na mimi nimelala chini ya mablanketi mawili, kidogo kwa sababu ya baridi na sana kwa sababu ya aibu. Kanisani sikwenda. Mke wangu Mwende amekwenda peke yake, akaniambia nisitoe pua nje mpaka arudi na habari za watu wanasema nini.

Shajara, wewe huna mdomo wa kunicheka. Basi keti nikueleze.

Yote yameletwa na fimbo. Baba mkwe wangu, Mzee Kilonzo wa Muthetheni, alifanya kazi ujanani katika nyumba ya wavuvi kando ya mto mmoja wa baridi huko Mlima Kenya. Wazungu walikuwa wakija kuvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyovishwa manyoya ili samaki adhani ni mdudu. Mwenye nyumba alipoondoka nchini alimwachia Mzee fimbo yake ya kuvulia. Ni ya mwanzi uliopasuliwa vipande vyembamba vikagundishwa tena, rangi ya asali, na ukiishika unahisi kama iko hai. Rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia uzi kinachokaa chini ya mpini, ililiwa na kutu zamani. Na Mzee hataki kusikia habari ya kutafuta rili nyingine ya kizee. Anasema ile ya kwanza ilimkwamia akiwa amenasa samaki mkubwa kuliko wote wa maisha yake, na mpaka leo hajaisamehe.

Mwezi uliopita alituita wakwe wake wawili. Mimi, mwenye duka la kopi na intaneti hapa mjini, na Musyoka, mume wa dada ya Mwende, anayefanya kazi Athi River na kuvaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Mambo ya uvuvi Mzee huyasema kwa Kiswahili tu, maana ndiyo lugha aliyojifunzia kazi.

"Fimbo iko moja na nyinyi mko wawili," akasema. "Yule ataleta rili ya kisasa inakubaliana na huu mwanzi, achukue fimbo. Lakini nitapima mimi."

Mimi nikapewa fimbo na zamu ya kwanza kwa kuwa mke wangu ndiye mkubwa. Nikishindwa, fimbo inakwenda kwa Musyoka. Na Musyoka alishatangaza kwamba ataipigilia ukutani juu ya televisheni.

Nakiri hapa kwamba maneno hayo yaliniumiza. Ni Mzee aliyenifundisha kuirusha, pale kwenye bwawa la udongo chini ya shamba lake. Mimi ni mtu wa kushinda nikitazama mashine ya kopi ikimeza karatasi za watu, lakini nikiwa na ile fimbo mkononi nasahau hata njaa. Naipenda. Sioni haya kusema.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta rili. Nikamwendea Hassan, anayeuza tochi, kufuli, chupa za chai na kila kitu ambacho mtu hajui anakihitaji mpaka akione. Akaniletea mbili kutoka Nairobi. Moja ilikuwa nzito, rangi ya samawati na pembe za dhahabu, imependeza kama gari la bwana harusi. Ya pili ilikuwa ya kijivu, pana, imetobolewa matundu pande zote, na breki yake laini hata ukivuta uzi husikii kitu. Hassan alizishika zote mbili kama mtu anayepima kuku.

"Chukua nzito," akanishauri. "Vitu nyepesi ni ya watoto."

Nilijua anataka kuiondoa dukani kwa sababu hakuna mwingine angeinunua. Nikachukua ya kijivu. Niliifunga kwenye mwanzi nikaona zimependana, asali na majivu, na nikarudi dukani kwangu nikipiga mluzi.

Hapo ndipo kiburi kilipoingia, na aanguaye huanguliwa.

Mzee alinifundisha kipimo kimoja tu. Fimbo iliyovikwa rili inayoifaa hulala juu ya kidole kimoja, mbele kidogo ya mpini, imetulia kama mtu aliyeshiba. Nikasimama katikati ya duka langu, nikailaza juu ya kidole. Ncha ikaanguka mbele, ikamgusa mama mmoja aliyekuwa anangoja kopi za cheti cha ubatizo. Nikaomba msamaha, nikajaribu tena, na safari hii ikaangusha kalenda. Kumbe rili za kisasa hutengenezwa nyepesi ili zifae fimbo za kisasa, ambazo nazo ni nyepesi. Mwanzi ni mzito. Mwanzi unataka mwenzake wa uzito wake huku nyuma, la sivyo unakuinamisha mbele siku nzima na jioni mkono unauma kama umelima.

Sikutaka kurudi kwa Hassan. Angecheka mpaka wateja waje kuuliza kuna nini.

Wiki nzima nilihangaika. Nilifunga betri ya redio kwenye mpini kwa gundi ya karatasi, fimbo ikalala vizuri lakini ikaonekana kama ina jipu. Nilijaribu misumari. Nilijaribu kipande cha madini ya risasi kutoka kwa fundi wa magari, na Mwende akasema kama nataka kuzama bwawani kuna njia rahisi zaidi.

Mwishowe nikakumbuka kwamba chini ya uzi wa kurushia, kule ndani kabisa kwenye kigurudumu, hukunjwa uzi mwingine wa akiba. Rili yangu ilikuwa na tumbo kubwa na halikuwa na kitu. Nikilijaza uzi mzito, uzito utaongezeka na hakuna atakayeuona, kwa sababu samaki wa bwawani Muthetheni hajawahi kukimbia mbali kiasi cha kuufikia uzi wa akiba. Wazo hilo lilinifurahisha mpaka nikajipigia makofi.

Uzi mzito nikaupata nyumbani. Ndani ya kyondo, kikapu chetu cha kusukwa, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, kulikuwa na donge la uzi wa katani, mwekundu wa magome ya mti, umesokotwa sawasawa na mwembamba ajabu. Mwende anasuka vyondo jioni, na nilidhani ni mabaki. Nikaukunja wote ndani ya rili, nikafunga uzi wa kurushia juu yake, nikailaza fimbo juu ya kidole.

Ikatulia. Haikutikisika hata kidogo. Nikaona nimezaliwa upya.

Sikumwuliza mtu uzi ni wa nani.

Jana mimi na Mwende tukaenda Muthetheni. Mzee alikuwa ananingoja bwawani amevaa koti lake la zamani la kazi. Mama mkwe naye alikuwa hapo, mbali kidogo, ameketi kwenye nyasi anachunga mbuzi wake, ametugeuzia mgongo. Usishangae. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawapeani mkono, hawali pamoja. Tunaita nthoni. Vijana wa siku hizi wameilegeza, lakini mama mkwe wangu hakuilegeza hata uzi mmoja. Tangu nimwoe binti yake sijasikia neno alilonielekezea mimi. Nikimwona njiani naingia kwenye mahindi ya watu, naye anaingia upande wa pili, na tukishapishana kila mtu anatoka akijipangusa.

Mzee akaichukua fimbo. Akailaza juu ya kidole chake kilichopinda. Ikatulia. Akazungusha rili, akasikiliza, akanitazama kwa jicho moja.

"Hii imekubali," akasema. "Sasa irushe tuone."

Nikairusha. Uzi ukaruka vizuri, nzi wangu wa manyoya ya jogoo akatua katikati ya maji na kuzama polepole. Nilikuwa tayari nimeanza kumwonea huruma Musyoka, ndipo kitu kiliponivuta mkono kama ng'ombe aliyekata kamba.

Hakuwa samaki wa kawaida wa pale. Alikuwa kambale, mkubwa, ambaye naamini aliishi chini ya bwawa lile akingoja siku yangu. Akakimbia moja kwa moja. Rili ikatoa uzi bila kelele, breki laini kama ilivyoahidi, na Mzee akawa anaruka pembeni yangu akisema shikilia, shikilia. Uzi wa kurushia ukaisha wote. Nikaona kile kifundo changu kikipita kwenye pete za fimbo, na nyuma yake uzi mwekundu wa katani ukatoka kwenda kuogelea mbele ya macho ya kila mtu.

Kisha rili ikakwama. Katani ilikuwa imejizika ndani ya mikunjo yake yenyewe.

Mwanzi ukapinda hadi nikasikia umelia. Mzee alikuwa ananiona mimi na yule samaki mkubwa wa ujanani mwake kwa wakati mmoja, niliona usoni. Akaniambia niinamishe fimbo chini isivunjike, nikaiinamisha. Akaushika ule uzi, akauangalia, akaacha kuruka.

"Huu uzi naujua," akasema taratibu.

Akamwita mkewe. Naye mama mkwe, aliyekuwa amefuata yote kwa masikio, akaja amejifunika leso kichwani, macho chini. Nami nikafanya jambo pekee ambalo mkwe mwenye adabu angefanya: nikageuka nikawapa mgongo. Fimbo niliilaza begani kama jembe, ncha ikielekea majini, nikatazama mbuzi.

Kwa hiyo, shajara, samaki mkubwa kuliko wote niliowahi kunasa sikumwona akitoka. Nilimsikia tu. Nilisikia mama mkwe akivuta, mkono juu ya mkono, kama anayeteka maji kisimani. Nilisikia Mzee akimwelekeza na yeye akimwambia anyamaze. Nilisikia kambale akipiga mkia kwenye matope. Mama mkwe hali samaki, anasema ni nyoka aliyepewa jina jingine, lakini kumwacha aondoke na uzi wake hakukubali.

 Halafu akazungumza. Hakuniambia mimi. Alimwambia mbuzi aliyekuwa karibu yangu, kwa sauti ya kutosha kutufikia sote.

"Wewe mbuzi," akasema kwa Kikamba, "mwambie aliye karibu yako kwamba uzi wangu haukatiki. Na umwulize kama anajua nausokotea wapi."

Mbuzi hakunijibu. Alinijibu Mwende tukiwa njiani kurudi nyumbani. Ulikuwa uzi wa kyondo cha harusi ya kitinda mimba wao, ambacho mama yake alimwomba amsaidie kusuka. Uzi alioufanya mwenyewe, wote, msimu mzima wa kiangazi. Na uzi wa katani, bwana, mama husokotea juu ya paja lake.

Juu ya paja.

Mimi ambaye huingia kwenye mahindi ya watu nisimtazame usoni, nilikuwa nimebeba mfukoni uzi wa paja la mama mkwe, nikaukunja kwa vidole vyangu, nikaukaza kwa meno. Nikauvulia samaki. Nikajisifu. Mwende alilazimika kuketi kando ya barabara kwa kucheka, na mimi nikaketi kando yake.

Lakini sijakueleza hukumu ya Mzee. Kabla hatujaondoka alinivuta pembeni. Nilidhani ananinyang'anya fimbo, na nilikuwa nimeshaanza kuitenganisha vipande nimkabidhi.

"Rili ni nzuri," akasema. "Mwanzi umekubali rili. Lakini uzito si wa rili, ni wa mama yako. Nikitoa huo uzi, fimbo inaanguka. Nikiacha huo uzi, nthoni inaanguka. Sasa wewe sema."

Nikamtazama yule mbuzi, labda ajibu yeye.

"Basi mletee mbuzi," akasema. "Mwombe huo uzi kama watu. Akikubali, fimbo ni yako. Akikataa, Musyoka anakuja Jumapili ya wiki ijayo."

Kwa hiyo fimbo iko kwake, imesimamishwa nyuma ya mlango. Wanaume wawili tulioshindanishwa kwa rili za kisasa, uamuzi uko kwa mama mmoja asiyejua rili ni nini wala hataki kujua.

Mwende amerudi kanisani sasa hivi. Anasema habari zimefika, na kwamba wanaume wawili wameniulizia, kwa heshima zote, kama nimebakisha uzi kidogo. Anasema pia mama yake alituma neno. Nikaogopa hata kuuliza. Akanieleza huku akivua viatu, kama jambo dogo: mama anasema mbuzi awe wa kike, asiwe amekonda, na aletwe na mwenyewe. Na akishapokea, atasokota uzi mwingine wa harusi.

Nimesoma maneno hayo kichwani mara nyingi. Aletwe na mwenyewe. Ukiacha yale aliyomwambia mbuzi, hayo ni maneno ya kwanza yaliyonihusu mimi, si mume wa Mwende, si baba ya watoto. Nimefurahi kuliko nilivyofurahi fimbo ilipotulia, na sijui nimweleze nani jambo kama hilo isipokuwa wewe.

Kesho mapema naelekea soko la mifugo kuchagua mbuzi. Nitampitia Hassan tuende pamoja, maana ndugu zake wote wanauza mbuzi na macho anayo. Najua ushauri wake hata kabla sijamwuliza.

Safari hii nitachukua mzito.