Yowe la Kumshusha Rubani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kiomboi, 14 Machi 1979

Jina: Theodora binti Melkiori
Umri: miaka 52 kwa kukadiria
Kazi: mkulima na mfugaji
Makazi: kijiji cha Kinyangiri

Mnamo tarehe 12 Machi 1979, saa nne asubuhi, nilikuwa machungani peke yangu. Ndege ya vita ilipita chini ikitoa moshi, ikaenda kuanguka porini. Ng'ombe wakatawanyika. Kisha nikaona mtu anashuka na mwavuli mkubwa, akanasa kwenye mgunga.

Nilimkuta ananing'inia, mguu umevunjika. Alisema, "Mama, nishushe." Mimi peke yangu ningemshushaje? Nikapiga yowe. Kwetu yowe ni lile lile, iwe moto, iwe wezi wa ng'ombe, na mwanaume akilisikia hatoki mikono mitupu. Tena wiki ile mwenyekiti wa kijiji alitutangazia kwamba askari wa adui yetu, huyo Nduli, wanaweza kushuka kutoka angani. Hilo sikulikumbuka.

Wanaume kama wanane walikuja na mikuki, mwanangu Gaspari akiwa mbele. Walikata kamba, rubani akaanguka chini. Nikasema, "Huyu ni wa kwetu, anaongea Kiswahili." Alute, ambaye ni mgambo, akajibu, "Askari wa Nduli nao wanakijua, mama." Hapo mkuki ukamwingia rubani pajani. Nilivua kitenge nikamfunika. Kwetu mtu aliyefunikwa nguo ya mama hapigwi, wakarudi nyuma. Nilibaki na shimizi mbele ya mkwe wangu aliyekuwa kati yao, na haya sikuona, niliona hasira.

Ndipo Alute alipoiona bendera yetu begani kwa rubani. Walimbeba kwa kitanda hadi zahanati.

Nimeambiwa rubani yu hai, ila mguu umekatwa. Nimeulizwa nani alimchoma, kwa kuwa wanaume wote waliowekwa ndani wamesema hawakuona. Mimi niliona. Ni Gaspari. Ni kitinda mimba wangu na naumia kusema, lakini yule naye aliniita mama. Naomba iandikwe pia kwamba Gaspari alikuja kwa sababu nilimwita.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, ni sawa.

Dole gumba: Theodora binti Melkiori

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesema kwa hiari yake. Kitenge kimebaki kituoni kama kielelezo. Ameacha kaunta viazi vitamu na maziwa ya mahabusu Gaspari. Mahabusu aliuliza mama yake amesema nini. Nilimpa chakula. Amekula.

Koplo Urbano