Obokano na Mlango wa Stoo

Shangazi Rukia, joto la huko limekuacha ulale?

Huku Gesima ni ukungu na chai ya maziwa. Tunarekodi filamu ya mzee anayepiga obokano, kinubi kikubwa cha Wakisii, kwa kukwanyua nyuzi kwa vidole. Tulimuuliza mkewe anauonaje muziki huo.

"Inalia kama mlango ya stoo."

Mwelekezi akamsihi aseme kitu kizuri. Mzee akakataa. "Acheni hivyo. Akinisifu, hata mimi sitaamini hiyo filamu."

Kisha akaenda stoo, akaufungua mlango polepole, akaufunga, akaufungua tena.

"Ni kweli," akamwambia mkewe. "Lakini mlango imenishinda."

Nikija nitakusikilizisha vyote viwili, shangazi yangu mpenzi. Usinionee haya; niambie kweli kipi kinalia vizuri zaidi.

Wako, Salma