Ndege ya Sugow

Waberi, Garissa
12 Januari 2024

Ndugu yangu Kyalo,

Salaam nyingi. Habari za Mwingi, mama watoto na mbuzi? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila joto limezidi.

Tangu mimi na wewe tuache kutengeneza malori ya maji, mikono yangu imekosa kazi. Sasa naunda ndege ndogo ya kurusha kwa rimoti. Mwili nimeuchonga kwa foamu ya friji mbovu, mota nimeagiza Nairobi. Raho, mke wangu, analalamika kwamba vumbi la foamu limeingia hadi kwenye unga wa mkate wetu wa anjera.

Walaalkaa, yaani ndugu yako,
Sugow

Mwingi
3 Februari 2024

Ndugu Sugow,

Nafurahi mko wazima. Huku mvua imenyesha, tunashukuru Mungu. Goti tu ndilo linanisumbua.

Barua yako niliwasomea watu wa nyumba hii, tukacheka mpaka chai ikapoa. Mzee wa miaka sitini na tatu na vitu vya watoto? Uza hiyo mota ununue mbuzi.

Ndugu yako,
Kyalo

Mwingi
21 Mei 2024

Ndugu Sugow,

Hamjambo huko? Nimeandika mara mbili, hujajibu. Simu yako haipatikani. Kama ni ule utani, nisamehe. Tangu zamani mdomo wangu hutangulia akili.

Ndugu yako,
Kyalo

Waberi
9 Agosti 2024

Ndugu yangu Kyalo,

Salaam kwako na kwa wote. Goti laendeleaje?

Usishangae mwandiko huu, ni wa mkono wa kushoto. Sikukasirika. Mwezi wa pili nilipatwa na kiharusi. Mguu umerudi, mkono wa kulia bado umelala.

Nilimwambia Raho aitupe ndege. Hakuitupa. Aliketi upande wangu wa kulia, akalishika bawa, akasema, "Wewe kata, mimi nashika." Sasa kila siku baada ya alasiri tunafanya kazi. Bawa moja limetuchukua wiki tatu.

Walaalkaa,
Sugow

Mwingi
30 Agosti 2024

Ndugu Sugow,

Pole sana, wewe na shemeji. Goti ni lile lile, tusilitaje.

Barua yako hii sikumsomea mtu. Nilikaa nayo nje peke yangu. Nimekuona ukishusha giaboksi ya lori bila msaidizi, lakini hilo bawa ni kazi kubwa zaidi. Kwenye kifurushi kuna msasa laini na kisu changu kidogo. Hakichagui mkono.

Ndugu yako,
Kyalo

Waberi
15 Desemba 2024

Ndugu yangu Kyalo,

Salaam nyingi. Sisi wazima, na nina habari.

Jana, baada ya kumwarifu chifu, tulienda uwanda ulio nje ya mji. Rimoti ina vijiti viwili: cha kushoto huongeza na kupunguza nguvu ya mota, cha kulia huelekeza ndege. Mimi nina gumba moja la kutegemea. Raho akasimama bega kwa bega nami, akaweka gumba lake kwenye kijiti cha kulia.

Mara ya kwanza iliinua pua, ikalegea, ikaanguka mchangani. Tukaibandika kwa gundi, tukasogeza betri mbele ili pua isipande sana. Mara ya pili ikapanda, ikapita juu ya migunga, mbuzi wa watu wakatawanyika. Nilimtazama Raho. Hakuniona, macho yake yalikuwa juu.

Ilipofika saa ya kuishusha, Raho akaielekeza kwetu.

"Punguza," akasema. Nikapunguza. "Bado kidogo." Nikapunguza tena. Ikagusa mchanga, ikatulia, nzima.

Nilidhani sasa tunarudi nyumbani. Akaniuliza betri ya pili iko wapi.

Walaalkaa,
Sugow